Miguu Inayokaza

Mimi ni seremala. Natengeneza milango, vitanda na viti katika kijiji chetu, wilaya ya Same, mkoa wa Kilimanjaro. Lakini leo sisemi habari za mbao. Nasema habari za mtoto wetu wa tatu, binti wa miaka saba, na miguu yake. Jina lake silitaji. Akikua ataamua mwenyewe kama watu walijue.

Ndugu msomaji, huenda katika kijiji chako yuko mtoto kama huyu. Huenda amelazwa chumbani na wageni hawamwoni. Wazazi wake wanampenda, lakini hawajui waanzie wapi. Nimeandika haya kwa ajili yao. Ni mambo tuliyofundishwa, na tunayafanya kila siku.

1. Dalili tulizoziona

Mke wangu alishikwa na uchungu kwa siku mbili. Mtoto alipozaliwa hakulia. Alilia baada ya kusaidiwa kupumua. Miezi ya kwanza alinyonya kwa shida, na mwili wake ulikuwa mlegevu. Alipofika miezi sita hivi, mambo yakageuka. Mwili ukaanza kukaza.

Mke wangu ndiye aliyeona kwanza. Alipombadilisha nepi, mapaja hayakuachana. Miguu ilipishana kama mkasi. Nyayo zilielekea chini. Mikono ilikuwa ngumi wakati wote. Alipoinuliwa alijinyoosha ghafla kama ubao, kichwa kikaenda nyuma. Watoto wa rika lake walikaa wenyewe. Yeye hakukaa.

Majirani walisema mengi. Wengine walisema ni polio. Wengine walisema ni jicho baya. Mmoja alisema mke wangu alivunja mwiko wakati wa mimba. Neno hilo lilimuumiza sana. Kwa muda mrefu alikwenda kuchota maji alfajiri, ili asikutane na wenzake.

2. Shauri la kaka

Kaka yangu mkubwa anampenda mtoto huyu. Siku moja alikuja na shauri. Alisema:

"Mdogo wangu, wewe ni fundi. Ubao ukipinda unaufanyaje? Unaubana. Basi chukua mbao mbili, umfunge miguu kila usiku mpaka inyooke. Samaki mkunje angali mbichi."

Shauri hilo lilikuwa zito. Baba yetu amefariki, na kaka ndiye mkubwa wa nyumba. Tena mimi naijua kazi ya jiliwa. Ubao ukibanwa vizuri hutulia. Lakini mke wangu aliniambia, "Baba, tuulize kwanza hospitali." Nikamjibu kaka, "Kaka, nimekusikia. Nipe wiki mbili. Nikitoka hospitali nitakuja kwako mwenyewe, nikueleze." Kaka hakufurahi, lakini alikubali.

3. Tulivyoelezwa

Hospitali tulipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa mama wa makamo. Hakuanza na miguu. Alimpakata mtoto, akamchekesha, akamtazama. Kisha akaushika mguu mmoja, akaukunja upesi kidogo. Mguu ukakaza. Akangoja. Akaukunja tena, safari hii polepole sana. Mguu ukakubali.

"Baba umeona?" aliuliza. "Mguu ni ule ule, na mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni mwendo wa mkono."

Akatueleza hivi. Msuli haujiendeshi wenyewe. Unapata amri kutoka kwenye ubongo. Amri hizo hupita katika uti wa mgongo na mishipa ya fahamu. Ziko amri za kukaza, na ziko za kulegeza. Sehemu fulani ya ubongo ikiumia, amri za kulegeza hazifiki sawasawa. Kwa hiyo msuli ukivutwa ghafla, unajibu kwa kukaza. Mtoto hafanyi kusudi. Si mkaidi wala si mvivu.

Hali hii inaitwa mtindio wa ubongo. Ubongo unaweza kuumia mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya kwanza ya maisha. Sababu zinaweza kuwa hizi: kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa kabla ya siku, manjano kali ya mtoto mchanga, homa ya uti wa mgongo, malaria kali iliyopanda kichwani, au ajali ya kichwa. Mara nyingine sababu haijulikani. Hali hii haiambukizi. Si laana, wala haitokani na kuvunja mwiko. Wala si polio. Polio hufanya misuli ilegee. Hii huifanya ikaze.

Alitueleza pia jambo la zamani. Mwaka 1861 daktari mmoja wa London, William John Little, aliwaeleza madaktari wenzake juu ya watoto waliokaza miguu. Alionyesha kwamba wengi wao walizaliwa kwa shida au kabla ya siku. Daktari huyo mwenyewe alikuwa na mguu uliopinda tangu utoto. Mke wangu aliposikia hayo aliinua uso. Akauliza, "Kumbe hata Wazungu?" Mtaalamu akajibu, "Watu wote, mama. Na tangu zamani."

Ndipo nikauliza juu ya mbao za kaka. Mtaalamu hakucheka. Alisema:

"Kaka yako amesema nusu ya kweli. Kuanza mapema ni kweli. Lakini methali inasema samaki akunjwe, haisemi avunjwe. Ukimfunga kwa nguvu ataumia, na maumivu huzidisha kukaza. Ngozi itachubuka. Mfupa wa mtoto unaweza kuvunjika. Na mtoto atajifunza kuiogopa mikono ya baba yake."

Mke wangu akauliza swali ambalo mimi sikuthubutu kuliuliza. "Je, atapona?"

Mtaalamu akasema, "Mama, sitakudanganya. Jeraha la ubongo halitaondoka. Lakini haliongezeki. Kinachoweza kuharibika zaidi ni viungo. Mtoto anakua, na mifupa yake inarefuka. Msuli unaokaza haurefuki sawa na mfupa. Mwisho msuli unakuwa mfupi, kiungo kinafungamana, na nyonga inaweza kuteguka. Hayo ndiyo tunayoyazuia. Hatufanyi kazi hii ili afanane na watoto wengine. Tunataka aketi, ale, aoge, acheze na asome, bila maumivu."

4. Kazi ya kila siku

Mimi nilitegemea kupewa mazoezi ya asubuhi tu. Mtaalamu alisema, "Siku ina saa 24. Ukimnyoosha kwa dakika 10, kisha akalala vibaya saa zote zilizobaki, umefanya nini?" Dawa yenyewe ni namna mtoto anavyobebwa, anavyokaa, anavyolala na anavyocheza. Haya ndiyo tuliyofundishwa:

Kumbeba. Usimbebe akiwa amenyooka kama gogo. Mkunje nyonga na magoti kwanza. Mbebe mgongoni au kiunoni, mapaja yakiwa yameachana. Mgongo wa mama na kanga yake ni kifaa kizuri, wala hakiuzwi.

Kufungua miguu. Usivute nyayo wala vidole. Ukivuta huko, miguu itakaza zaidi. Kunja nyonga na magoti. Shika mapaja, juu kidogo ya magoti. Ngoja uone msuli unalegea. Kisha fungua taratibu.

Kumvalisha. Anza na mkono au mguu ulio mgumu zaidi. Wakati wa kumvua, maliza na huo.

Kumlisha. Mketishe wima, kichwa kimeinama mbele kidogo. Usimlishe akiwa amelala chali, wala kichwa kikiwa kimeangukia nyuma. Atapaliwa, na chakula kinaweza kuingia mapafuni.

Kumlaza. Alale ubavu. Weka kanga au blanketi lililokunjwa katikati ya magoti. Mgeuze mara kwa mara, asilalie upande mmoja siku nzima.

Kunyoosha. Sisi hufanya baada ya kuoga maji ya uvuguvugu. Goti limenyooka. Kisigino kinakaa katika kiganja changu. Naupandisha wayo juu polepole mpaka nione unakataa. Hapo nasimama, nahesabu mpaka 30, naachia polepole. Siurushirushi mguu. Mtoto akilia, naacha. Kila mtoto ana mazoezi yake, na mtaalamu ndiye anayeonyesha.

Kumwachia ajaribu. Hili ni kubwa kuliko yote. Mtoto akijisogeza mwenyewe, anajifunza zaidi kuliko akisogezwa. Mke wangu alianza kuweka kikombe mbali kidogo, ili mtoto anyooshe mkono akifuate. Bibi yake aliona ni ukatili. Alisema, "Mpeni mtoto maji!" Lakini siku mtoto alipokifikia kikombe, bibi ndiye aliyepiga vigelegele.

5. Kiti

Mtaalamu alipojua kuwa mimi ni seremala, alinipa kazi. Alinionyesha namna ya kumpima mtoto kama ninavyopima mlango. Pima kutoka makalio mpaka nyuma ya goti. Hicho ndicho kina cha kiti. Pima kutoka nyuma ya goti mpaka kisigino. Hicho ndicho kimo cha kiti. Nyonga, magoti na vifundo vyote vikunjwe kwa pembe ya mraba, kama pembe ya meza.

Nilitengeneza kiti chenye mgongo na mbavu mbili. Mbele ya kiti, katikati ya mapaja, niliweka kigingi kinene nilichokizungushia kitambaa, ili miguu isipishane. Chini niliweka ubao wa kukanyagia. Mbele niliweka meza ndogo.

Kabla sijaanza, nilikwenda kwa kaka kama nilivyoahidi. Nilimpeleka mtoto. Sikubishana naye. Nilimwambia, "Kaka, ushike mguu huu. Uvute upesi kidogo." Akavuta, ukakaza. "Sasa ngoja. Uvute kama mtu anayemwamsha mgonjwa." Akavuta hivyo. Mguu ukaja wenyewe mkononi mwake. Kaka alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Kumbe hautaki vita." Kesho yake aliniletea mbao kavu, akasema ni za kiti.

Siku mtoto alipokaa katika kiti hicho niliona jambo ambalo sikulitegemea. Ngumi zilifunguka. Mwili ukiwa hauogopi kuanguka, mikono inapata nafasi ya kufanya kazi. Alishika kijiko. Uji mwingi ulimwagika, lakini kijiko kilikuwa mkononi mwake.

Baadaye nilisimika fito mbili uani, kila upande mmoja, kimo cha kiuno chake. Hapo ndipo anapojifunza kusimama na kupiga hatua.

6. Kukaza kunapozidi

Kuna siku miguu inakaza kuliko kawaida. Usiseme tu, "Ndivyo alivyo." Tafuta sababu. Huenda ana homa. Huenda ana kidonda, jino linauma, au kiatu kinambana. Huenda ni baridi au woga. Safari moja binti yetu alikaza siku tatu, halali. Tulipochunguza, hakuwa amepata choo. Alipopata choo, mwili ukalegea.

Hospitali kuna msaada wa aina nyingi. Daktari ndiye anayechagua, kwa sababu watoto hawafanani.

Kwanza, kuna vidonge vya kulegeza misuli, kama baklofeni. Vinaweza kuleta usingizi na udhaifu. Usiongeze kipimo mwenyewe. Wala usiache ghafla, maana kuacha ghafla ni hatari. Mwambie daktari, naye atapunguza kidogo kidogo.

Pili, kuna sindano inayopigwa katika msuli wenyewe. Dawa yake inaitwa sumu ya botulinamu, nayo hutolewa kwa kipimo kidogo sana. Hulegeza msuli kwa miezi mitatu au minne hivi, kisha nguvu yake huisha. Ni ghali, na hupatikana katika hospitali kubwa. Haina faida kubwa bila mazoezi.

Tatu, kuna plasta ngumu, ile watu wanayoiita hogo. Hufungwa mguu ukiwa umenyooshwa kidogo, kisha hubadilishwa baada ya muda na kunyooshwa kidogo tena. Viko pia vifaa vya plastiki vya kushikilia mguu. Hivi si kama mbao za kaka. Hupimwa na fundi aliyesomea kazi hiyo. Katika mkoa wetu, kwenye hospitali ya KCMC mjini Moshi, kuna chuo kilichoanza mwaka 1981 kufundisha mafundi wa namna hiyo. Binti yetu amepata vifaa vyake huko Moshi. Kila jioni tunatazama ngozi yake. Tukiona wekundu usioondoka, tunavirudisha virekebishwe.

Nne, msuli ukishakuwa mfupi kabisa, kuna upasuaji wa kuurefusha. Baada ya upasuaji mazoezi yanaendelea.

Daktari pia huangalia mambo mengine. Baadhi ya watoto hawa wana kifafa. Wengine wana shida ya kuona au kusikia. Nyonga hupigwa picha, ionekane kama ziko mahali pake.

Katika miaka hii mtu mmoja alipita kijijini. Alisema atamnyoosha mtoto kwa siku saba, kwa malipo ya ng'ombe mmoja. Tulikuwa na ng'ombe mmoja tu, wa maziwa. Usiku ule mimi na mke wangu hatukulala. Unapompenda mtoto, maneno kama hayo yanavuta. Mwisho mke wangu alisema, "Ng'ombe huyu anampa mtoto maziwa kila siku. Siku saba zikipita na miguu ni ile ile, tutampa nini?" Ng'ombe akabaki.

7. Shule

Binti yetu anasema polepole, lakini anaelewa kila kitu. Watu wengi wakiona mwili umekaza, hudhani na akili imekaza. Wako watoto ambao akili nayo imeumia, nao wana haki ya kupendwa na kufundishwa. Lakini wako wengi wenye akili nzuri ambao hawajaulizwa swali hata moja.

Alipofika umri wa kuanza shule, tulikwenda kumwandikisha. Mwalimu mkuu aliuliza maswali ya haki. Atakaaje darasani? Atakwendaje chooni? Nilimjibu kwa kazi. Nilitengeneza kiti cha pili, kikabaki shuleni. Nilifunga fito za kushikilia njiani na ndani ya choo. Mwalimu mwenyewe alituambia kwamba katika nchi yetu iko Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na mtoto hanyimwi shule kwa sababu ya ulemavu wake.

Sasa yuko darasa la kwanza. Herufi zake ni kubwa na zimepinda, lakini zinasomeka. Mke wangu amesoma kisomo cha watu wazima, na jioni hukaa naye wakasoma pamoja. Mara nyingine mtoto humsahihisha mama yake.

Kati ya fito za uani anapiga hatua kumi na mbili. Nje ya fito hajaweza. Huenda ataweza kwa magongo, huenda atatumia kiti cha magurudumu. Asubuhi za baridi miguu bado inapishana, na mama yake anakaa naye jikoni karibu na moto mpaka ilegee. Kazi hii haina siku ya kumaliza. Lakini hana kidonda, nyonga zake ziko mahali pake, naye halii akiguswa.

Ndugu msomaji, mtazame mtoto wako mapema. Je, ngumi hazifunguki baada ya miezi ya kwanza? Je, miguu inapishana? Je, anatumia mkono mmoja tu kabla hajatimiza mwaka? Je, hashiki shingo wakati wenzake wanashika? Mpeleke kliniki. Mama mjamzito ahudhurie kliniki na ajifungulie mahali penye mkunga au daktari. Mtoto mchanga akiwa wa manjano, au mtoto akipata degedege, usingoje kesho.

Na kama mtoto wako tayari ana miguu inayokaza, mtoe nje. Mketishe mahali anapoona watu na watu wanamwona. Iache mikono yako iende polepole. Msuli huo hausikii amri ya nguvu, lakini mkono usio na haraka unausikia.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini mguu wa mtoto huyu hukaza ukivutwa upesi?
2. Kaka alitumia methali gani? Mtaalamu aliieleza vipi?
3. Taja mambo manne ambayo wazazi hawa hufanya kila siku.
4. Kwa nini si vizuri kumlisha mtoto akiwa amelala chali?
5. Je, katika kijiji chenu yuko mtoto wa namna hii? Darasa lenu linaweza kuisaidiaje familia yake?